MENO YA MZEE SI UREMBO

Ndugu wafanyakazi,

Wajumbe wetu walikaa mezani na mwajiri mmoja kuzungumza juu ya matibabu ya wazee wanaostaafu. Walipotaja meno ya bandia, akacheka. Akasema, "Meno ni urembo. Tena wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo." Sisi hatukucheka. Tunamjibu hapa mbele ya wote.

Mtu asiye na meno hawezi kutafuna githeri, nyama wala njugu. Hula uji na mkate uliolowekwa katika chai, na mwili hudhoofika. Huongea akiziba mdomo kwa mkono, na mwishowe huacha kuja mkutanoni. Je, huo ni urembo?

Wako na wenzetu wanaosema, "Mzee apewe meno yoyote, atazoea." Nao wamekosea. Jino likisha kung'oka, mfupa wa taya huendelea kupungua. Meno ya bandia yaliyokaa vizuri mwanzoni huanza kucheza na kuchubua ufizi, na lazima yasawazishwe upya. Ya chini ndiyo husumbua zaidi. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walisema kuwa taya la chini lisilo na jino hata moja lipewe kwanza meno yanayoshikwa na vishikizo viwili vilivyopandwa mfupani. Lakini si kila mzee anataka kupasuliwa. Mwingine anataka ya kuvaa na kuvua, mradi yasimwume. Mwingine anataka kuzibiwa pengo la mbele tu. Basi aulizwe! Jino lisilomfaa mwenyewe, hilo ndilo jino la pembe walilolisema wahenga.

Msidhani jambo hili ni dogo. Uingereza ilipoanza matibabu ya bure tarehe 5 Julai 1948, meno ya bandia yalikuwamo. Mwaka 1951 serikali ilipotaka watu walipie sehemu ya gharama ya meno na miwani, Bwana Aneurin Bevan, Waziri wa Kazi, aliyekuwa mchimba makaa ya mawe ujanani, aliacha uwaziri wake.

Na sisi hapa Kenya, tangu Oktoba 2024 hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Anayekatwa ana haki ya kuuliza: kinywa changu si sehemu ya mwili wangu?

Kwa hiyo tunadai:

(1) Meno ya bandia yaandikwe waziwazi katika mkataba wetu.

(2) Gharama za kurudi kuyasawazisha zilipwe pia.

(3) Mzee achague mwenyewe, akishauriwa na daktari wa meno.

Wenye wazee wanaoteseka, mpelekeeni katibu wa tawi lenu majina yao kabla ya mazungumzo yajayo. Nanyi vijana msikae kando mkisema hayawahusu. Meno mliyo nayo leo, wazee hawa nao walikuwa nayo.

UMOJA NI NGUVU.