Likizo inaisha: Tamthilia tatu za kutazama, na ya kutazama na mtoto

Sehemu ya mwisho kabisa ya Stranger Things iliachiwa saa 10 alfajiri ya Januari 1 kwa saa za Afrika Mashariki. Nyumba yenye intaneti na kijana anayeifuatilia, haikuwa ajabu kuona mwanga wa simu chini ya shuka wakati baba na mama wamelala hoi baada ya mkesha wa mwaka mpya.

Sasa shule zinakaribia kufunguliwa, madaftari yananunuliwa, lakini runinga bado haijapumzika. Tamthilia tatu ndizo zinazotajwa zaidi na vijana pamoja na wazazi wao. Moja imeisha, nyingine ilirudi Januari 2026, na ya tatu ni ya mwaka 2025 ila mzazi ambaye hajaiona bado hajachelewa.

Tuanze na iliyoisha. Stranger Things ilianza mwaka 2016 ikiwa hadithi ya watoto wanaoendesha baiskeli katika mji mdogo wa Hawkins, Marekani, miaka ya 1980, wakimtafuta mwenzao aliyepotea. Kadiri watoto hao walivyokua, hadithi nayo ilizidi kuwa ya giza. Katika msimu wa nne, jitu linaloitwa Vecna linawawinda vijana wanaobeba huzuni na hatia ambazo hawajamwambia mtu.

Hapo ndipo penye ubora wake. Kijana anaona kwamba jambo zito likifungiwa moyoni linamla, na kwamba rafiki anayeuliza na kusikiliza anaweza kumwokoa mtu. Udhaifu wake ni urefu. Sehemu ya mwisho pekee inazidi saa mbili, na vitisho vyake havimfai mtoto wa darasa la tatu, hata kama kaka yake anatazama pembeni.

Mzazi asisahau hesabu ya usingizi. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Aliyezoea kulala saa nane usiku wakati wa likizo hatabadilika ghafla Jumapili usiku ili aamke saa 11 alfajiri Jumatatu. Ni vyema muda wa kulala urudishwe nyuma kidogo kidogo kuanzia sasa, na simu zilale sebuleni.

Iliyorudi ni The Pitt. Msimu wake wa pili ulianza Alhamisi, Januari 8, 2026, ukifuata zamu moja ya chumba cha dharura katika hospitali ya Pittsburgh, Marekani. Kila sehemu ni saa moja ya zamu hiyo, na msimu mzima una sehemu 15. Safari hii zamu inaangukia Julai 4, siku ya uhuru wa Marekani. Msimu wa kwanza ulitwaa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora Septemba 2025, na Noah Wyle anayecheza kama Dk Robby akashinda ya mwigizaji bora.

Hii ni ya wazazi, watoto walale kwanza. Damu haifichwi, uzazi haufichwi, na kuna binti mdogo anayekufa maji baada ya kumwokoa mdogo wake kwenye bwawa la kuogelea. Mzazi yeyote ataitazama sehemu hiyo kwa shida.

Iliyo muhimu zaidi kwa familia ni ile ya kijana ambaye hakuchanjwa surua. Analetwa akiwa mahututi, madaktari wanataka kumtoa maji ya uti wa mgongo ili wapime, na mama yake anakataa. Nusu ya mvutano wa sehemu za mwisho uko kwa wazazi hao wawili wanaompenda mtoto wao na bado wanamcheleweshea tiba.

Tamthilia haimchori mama huyo kama mjinga. Inamwonyesha akiwa na hofu, na hofu hiyo hata huku ipo. Tofauti ni kwamba Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa bila malipo mtoto akifikisha miezi 9 na tena miezi 18, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika kirahisi mtoto akishaanza kutembea. Atakayemaliza kutazama akaifungua kadi ya kliniki ya mwanawe atakuwa amefaidi kuliko aliyelia tu.

Ya tatu ni Adolescence, tamthilia ya Uingereza ya Machi 2025 yenye sehemu nne tu. Polisi wanavunja mlango alfajiri na kumkamata Jamie, mvulana wa miaka 13, kwa tuhuma za kumchoma kisu msichana wa shuleni kwao. Kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukatwa, hivyo mtazamaji hapati pa kupumulia. Owen Cooper, anayecheza kama Jamie, alishinda Emmy akiwa na miaka 15.

Kuna mahali mpelelezi anafundishwa na mwanawe maana ya vijialama ambavyo vijana wanatumiana mtandaoni. Baba alivisoma kama utani wa kirafiki, kumbe yalikuwa matusi. Mzazi wa Temeke au Nakuru ajiulize ni maneno mangapi ya kwenye simu ya mwanawe anayaelewa.

Lawama moja inaistahili. Katie, msichana aliyeuawa, hapewi nafasi ya kutosha. Tunamjua muuaji, baba yake, mama yake na hata dada yake, lakini marehemu anabaki picha.

Hata hivyo, sehemu ya nne inasamehe mengi. Baba na mama wameketi chumbani wakijiuliza walikosea wapi. Kijana alikuwa akirudi shule, anapanda juu, anafunga mlango. Taa ilikuwa inawaka hadi usiku wa manane. Wao waliamini kwamba mtoto aliye ndani ya nyumba yuko salama.

Kwa kijana wa miaka 14 na kuendelea, hii itazamwe na mzazi akiwa palepale. Haihitaji mahubiri. Sehemu ikiisha, swali moja linatosha: "Na kwenu shuleni mambo haya yapo?" Kisha mzazi anyamaze. Kijana akijibu "sijui", asilazimishwe. Huenda akarudi kesho wakati wa kuosha vyombo na kuanza mwenyewe.

Kwa wadogo, kanuni ni nyepesi zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Saa hiyo isiwe ya kumtuliza ili watu wazima wamalize tamthilia yao.

Na usiku, mwanga ukionekana chini ya mlango wa kijana, mzazi abishe hodi, aingie, akae ukingoni mwa kitanda na aulize wamefika sehemu ya ngapi.