Seva mpya siyo seva safi: ikague kabla hujammalizia fundi hela yake

Wafanyabiashara wenzangu wa Njombe, Makambako na sisi wa huku Kidugala, leo naongea na mnaotoka kuuza kwenye makundi ya WhatsApp na kufungua tovuti zenu. Fundi akisema "tayari bosi", wengi tunatuma hela iliyobaki na kuanza kupokea oda. Mimi nasema malipo ya mwisho yasubiri ukaguzi.

Seva ikishakuwa hewani, haipiti muda programu za wezi zinaanza kuigonga, zikijaribu maneno ya siri usiku na mchana. Hazijali kama unauza parachichi au masweta. Fundi akiweka neno la siri jepesi, hata kwa saa chache tu, mtu anaweza kuwa ameshaingia kabla yako.

Kaeni pamoja muangalie:

1. Nani ameingia. Amri ya last itawaonyesha. Kama ni Ubuntu, fungueni na faili la /var/log/auth.log. Mkiona "Failed" kibao msishtuke, hao wanagonga tu. Tafuteni "Accepted", huyo kaingia. Fundi aeleze kila mmoja ni nani.

2. Nani ana ufunguo. Angalieni orodha ya watumiaji na mafaili ya authorized_keys. Ufunguo usio na mwenyewe ni hatari.

3. Nini kinafanya kazi. Amri ya crontab -l inaonyesha kazi za ratiba, na ss -tulpn milango iliyo wazi.

Mwizi mjanja anafuta nyayo, kwa hiyo mkikuta kitu kimoja tu kisichoelezeka, usikubali "nimeshakitoa bosi". Seva ifutwe yote, ifungwe upya, na maneno ya siri yabadilishwe. Siku ya kwanza hiyo ni kazi ndogo, hakuna kitu ndani. Ukisubiri, utakuwa umeshajaza oda za watu.

Na hapo ndo penye maumivu. Wote tunaujua ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Sasa mteja wako aupate ukiwa na jina lake, mzigo wake na bei yake sawasawa. Si atatuma? Halafu atakuja kwako, siyo kwa fundi. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubebesha wewe uliyezikusanya jukumu la kuzilinda.

Fundi anayejiamini hatakasirika ukimwambia mkague. Akinuna, tafuta mwingine wa kuja kuangalia.