Usikubali Kuwa Umati



Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ilihusu vyombo vya majini, lakini leo inatufaa zaidi mbele ya skrini. Tangazo la bia, la simu au la benki linapoelea mbele ya macho yetu, tunasahau kuuliza ni nani aliyeliunda, kwa vyombo gani na kwa nia gani. Tukiulizwa, wengi wetu hujibu upesi: «Ni tangazo tu.» Makala haya yamekusudiwa kulipinga neno hilo dogo, «tu».

Tuanze na hesabu. Tangazo la sekunde 30, lenye picha 25 kwa kila sekunde, lina picha 750. Hakuna hata moja iliyoingia humo kwa bahati. Kamera za sinema za dijitali, kama RED One iliyotoka mwaka 2007 au ARRI Alexa iliyotoka mwaka 2010, kwa kawaida hazirekodi picha iliyokamilika. Hurekodi picha iliyofifia, ya kijivujivu, ili fundi wa rangi apate nafasi ya kuamua baadaye ngozi ya mtu ing'ae kiasi gani na anga iwe na samawati gani. Yale matone yanayoteremka juu ya chupa baridi, mara nyingi ni maji yaliyochanganywa na glisirini, kwa maana maji matupu hayadumu chini ya joto la taa. Vipande vya barafu mara nyingi ni vya plastiki, kwa maana barafu ya kweli huyeyuka kabla kazi haijaisha. Na kinywaji kinachomiminika polepole kama asali kilipigwa kwa picha nyingi mno kwa sekunde, kisha kikaonyeshwa kwa mwendo wa kawaida. Watu wazima wenye elimu na mishahara wametumia siku nzima, pengine siku kadhaa, kutengeneza hiyo nusu dakika. Wao hawasemi «ni tangazo tu».

Sasa tuitazame kreni. Ni mkono mrefu wa chuma uliowekwa juu ya mhimili. Upande mmoja imefungwa kamera. Upande wa pili vimepangwa vyuma vizito vya kuisawazisha. Mafundi husukuma mkono huo, mwingine huigeuza kamera kutoka chini kwa chombo cha mbali, na mwingine tena hulinda ukali wa picha kwa kifaa kisicho na waya. Kamera huanza karibu na uso wa kijana anayecheka. Kisha hupanda taratibu: tunawaona rafiki zake, halafu kiwanja kizima, halafu mji mzima chini ya jua linalozama. Sisi tunaotazama twahisi kifua kikipanuka, kana kwamba nasi tumeinuliwa. Hisia hiyo ni ya kweli kabisa, wala simcheki anayeipata. Lakini imetoka wapi? Imetoka katika kule kupanda, katika ule mkono wa chuma, katika sauti za wanamuziki zilizopangwa zifike kilele papo hapo. Haikutoka katika chupa. Hata hivyo, wakati ambapo kifua kimejaa, ndipo nembo ya chupa inapotokea katikati ya skrini na kupokea shukrani isiyo yake. Huo ndio ujanja wote, na hakuna mwingine mkubwa kuliko huo.

Tena wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama anayeuza maji baridi barabarani saa sita ya mchana hahitaji kreni, kwa sababu kiu ya mnunuzi yatosha. Anayehitaji kukuinua hewani ndipo ununue, hauzi kitu kile kile anachokuonyesha. Anauza urafiki, heshima, ushindi, na kuwa mtu wa mjini. Navyo vyote hivyo havimo ndani ya chupa.

Atasema mmoja wenu: je, kamera inayopanda ni mbaya kwa asili yake? Hapana. Sinema yenyewe inatupa mifano miwili ya kupima jambo hili.

Wa kwanza ni filamu ya Marekani Gone with the Wind, ya mwaka 1939. Bibi mmoja anapita katika kituo cha treni cha Atlanta akimtafuta daktari, amejaa shida zake mwenyewe. Kamera inaanza karibu naye, kisha inapanda. Kadiri inavyopanda, ndivyo wanavyozidi kuonekana askari waliojeruhiwa, wamelala ardhini safu kwa safu, mpaka yeye mwenyewe anakuwa mdogo katikati yao. Kwa kuwa kreni za studio hazikufika juu kiasi hicho, watengenezaji walitumia kreni ya ujenzi, na katikati ya mamia ya watu halisi wakalaza wanasesere. Ni usanii, naam. Lakini kamera ilipanda ili ituonyeshe mateso ambayo macho ya chini hayakutaka kuyaona.

Mfano wa pili ni wa Nuremberg, Ujerumani, katika mkutano wa chama cha Nazi mwaka 1934. Leni Riefenstahl, aliyeupiga mkutano huo filamu iliyotoka mwaka uliofuata, alijengewa lifti ndogo juu ya mlingoti wa bendera, na kamera ikapanda nayo. Chini yake walipangwa watu kwa maelfu, wamenyooka kama matofali. Kutoka juu ilikuwa picha nzuri ya kutisha: hakuna mwenye uso, hakuna mwenye jina, hakuna awezaye kusema «hapana». Sisemi kwamba wauza bia ni Wanazi; asemaye hivyo anawadharau waliokufa. Nasema tu kwamba chombo ni kile kile, na swali la kukipima ni moja: baada ya kamera kupanda, je, namfahamu mwanadamu zaidi, au nimempoteza?

Tulete swali hilo karibu na kwetu. Mwaka 2014 bia ya Guinness ya Ireland ilionyesha Uingereza tangazo la Wasapeur wa Brazzaville, wale mabwana wa mavazi ya fahari ambao ndugu zao tunawajua pia Kinshasa. Lilitungwa na shirika la matangazo la London, likaongozwa na Nicolai Fuglsig, mzaliwa wa Denmark, likapigwa Afrika Kusini. Tuseme kwa haki: lilikuwa bora kuliko mengi. Waliotokea humo walikuwa Wasapeur wa kweli. Hawakuonyeshwa kama ombaomba wala kama wapiganaji, bali kama wafanyakazi wanaomaliza kazi ngumu, wanaoga, wanavaa suti za rangi na kukutana kwa heshima. Wengi walilisifu. Lakini angalieni vizuri mwendo wa mali hapo. Umaridadi wa Bacongo ulijengwa kwa vizazi, na watu waliojinyima chakula ili wanunue viatu. Hadhi ya mabwana wale haikutoka katika bia; bia ndiyo iliyoazima hadhi kwao. Na aliyeazima alikuwa na kamera, na mtazamaji wa kumwonyesha, na duka la kuuzia.

Kwetu Kinshasa mambo hayakuwa tofauti sana. Viwanda viwili vikubwa vya bia, Bralima na Bracongo, vilishindana miaka mingi kwa kuwavuta wanamuziki wakubwa, kila kimoja na nyota wake. Wimbo uliozaliwa katika mtaa, katika msiba na katika mapenzi ya watu, ulirudi kwa watu hao hao ukiwa umebeba rangi za chupa. Nani alimkuza mwenzake? Jibu lipo katika masikio ya kila mmoja wetu: tungeimba hata bila bia.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa Kolwezi, Likasi na Rubaya wana haki ya kulisema kuliko wote. Mkono wa kreni hauwezi kuinua kamera bila uzito upande wa nyuma, na uzito huo hauonekani kamwe ndani ya picha. Kamera ya dijitali hufanya kazi kwa betri za lithiamu, ambazo nyingi zina kobalti. Na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu. Tantali, inayotokana na koltani, hutumiwa katika sehemu ndogo ndogo za vyombo vya elektroniki. Basi Mkongomani yupo nyuma ya mkono, kama uzito. Yupo pia mbele ya lenzi, kama umati unaoshangilia. Mahali anapokosekana mara nyingi ni pale katikati, penye jicho linalochagua na mdomo unaosema: «Tupige hapa, si pale.»

Na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wazee wetu. Wao wakiona haya yote husema: basi vijana wakae mbali na kamera, ni ulimwengu wa anasa. Kwa heshima yote tunayowapa, hilo si jibu. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake Inter Mirifica ya mwaka 1963, ulitaka waamini wafundishwe kutumia vyombo hivi, si kuvikimbia. Na tarehe 22 Februari 1997, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati nzima juu ya maadili katika matangazo. Hati hiyo haikulaani biashara. Ilikiri kwamba tangazo laweza kuleta faida, kisha ikadai mambo matatu: ukweli, hadhi ya mwanadamu, na wajibu kwa jamii. Kijana asiyejua jinsi picha inavyoundwa atayapimaje hayo matatu? Kumwambia asiiguse kamera ni kumwacha abaki mteja milele.

Wala tusijisifu sisi wenyewe. Tazameni video za sherehe zetu: upadrisho, jubilei, sikukuu ya msimamizi wa paroki. Mara nyingi tunakodi droni, tunaipandisha juu ya kanisa, tunaweka muziki wa kishindo, na waamini wanaonekana kama nukta za rangi. Mama ambaye amefagia kanisa hilo kila Jumamosi yumo mle ndani, lakini hakuna atakayemtambua. Sauti yake haisikiki. Jina lake halisomeki. Tumelaumu matangazo ya bia, kisha tumeiga namna yao ya kutazama watu. Hilo si jambo dogo, kwa sababu anayezoea kuwaona ndugu zake kutoka juu atazoea pia kuwapanga kutoka juu.

Njia nyingine ipo, na Mkongomani ameionyesha. Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani, alipiga filamu En route pour le milliard, iliyoingia katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes mwaka 2020. Ni habari ya watu waliolemazwa na Vita vya Siku Sita vya Kisangani, mwezi wa Juni 2000, wanaosafiri kwa mtumbwi mkubwa juu ya mto hadi Kinshasa kudai fidia. Kamera inakaa pamoja nao ndani ya chombo, chini ya mvua, kwa kimo cha macho yao. Mwishoni mtazamaji anawajua, na hawezi tena kuwaita «wahanga» kwa jumla.

Kwa hiyo nawapendekezea, ninyi wa Xaveri, wa Kiro na wa vikundi vyote vya vijana, mambo matatu ya kufanya.

Kwanza, katika mkutano mmoja, chukueni tangazo lolote mnalolipenda. Litazameni mara tatu: mara moja kama lilivyo, mara moja bila sauti, na mara moja mkilisimamisha kila picha inapobadilika. Andikeni kamera iko wapi, nani ana uso na nani hana, na bidhaa inatokea wakati gani. Majadiliano yatakayofuata hayatahitaji mhubiri.

Pili, kijana akiitwa kujaza umati katika tangazo, asiende kwa furaha ya kofia na chupa moja. Aulize kabla ya taa kuwashwa: malipo ni kiasi gani, uso wangu utaonyeshwa wapi na kwa muda gani, ni bidhaa gani itakayouzwa kwa cheko langu? Majibu yaandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi. Aliye chini ya miaka 18 aende na mzazi, na asipangwe kamwe kushangilia pombe. Asiyetaka kuandika majibu hayo amekwisha kujibu.

Tatu, jifunzeni kazi yenyewe. Msingoje kreni, simu moja ya kikundi yatosha kuanzia. Mtafuteni mtu mmoja wa mtaa wenu ambaye hakuna tangazo litakalomtafuta: fundi wa baiskeli, mkunga mzee, mlinzi wa shule. Mwombeni ruhusa. Ketini naye, kamera ikiwa kwenye kimo cha macho yake, mumpige kwa dakika tatu akifanya kazi yake na akisema jina lake. Kisha, kabla ya kumwonyesha mwingine yeyote, mpelekeeni yeye aitazame kwanza, naye aseme kama huyo aliyemo ndiye.