Jino Zima Kwanza, Jeupe Baadaye

Kupenda meno meupe si dhambi. Lakini wasomaji tuelezane kweli: dawa anayotumia tabibu kung'arishia meno, yaani haidrojeni peroksaidi, hubadili rangi tu. Haizibi jino lililotoboka wala haiponyi ufizi. Ikigusa palipo kidonda, huchoma. Ndiyo maana tabibu mwema hutibu kwanza, kisha ndipo ang'arishe.

Uzito wa jambo hili huonekana Dadaab, kwenye kambi zilizoanzishwa mwaka 1991. Kutoka huko hadi mjini Garissa ni kilomita 100 hivi, na mkimbizi huhitaji kibali kabla ya kufunga safari. Akijipaka unga wa dukani asioujua, ufizi ukaungua, atakimbilia kwa nani?

Nyika hiyo imejaliwa mti wa mswaki, ambao Wasomali huuita caday. Mtume (S.A.W.) aliuhimiza mno. Hauyafanyi meno kuwa kama theluji, bali huondoa uchafu na kupunguza madoa ya chai na miraa.

Basi wanaosimamia kambi wapeleke matabibu wa kuziba na kutibu. Tabasamu la mwenye maumivu, hata liwe jeupe vipi, halidumu.