Yah: Mtoto Aliyekufa na Kiu

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya yetu.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya hii, kwa hiyo ni mtumishi wako, na ninajua kwamba barua ya mtumishi hupitia kwa mkuu wake wa kazi. Hii haikupitia kwake. Imeanzia makaburini.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayenifuata, alikuwa na miaka 9. Novemba mwaka jana, siku ya Ijumaa, alikuwa anarudi kutoka kisimani na dumu lake la lita 5. Mbwa alimrukia, akamng'ata shavuni, chini kidogo ya jicho. Habari za mbwa yule zilikuwa zimezagaa tangu Jumatano, maana alishauma mbuzi wawili kitongoji cha jirani. Bwana mifugo alipigiwa simu siku hiyohiyo ya Jumatano. Akasema pikipiki haina mafuta.

Nikiri na la kwetu kabla hujanikumbusha. Jeraha tulilifunga kwa kanga, na bibi yake akalipaka mafuta ya taa. Hakuna aliyeliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, jambo ambalo lingefanyika bure, palepale kisimani. Mimi ninayefundisha sayansi darasa la tano sikulijua. Sehemu za ua ninazijua zote.

Jioni ileile tulikuwa hospitali yako. Dirisha la dawa likajibu: "Chanjo imeisha, njooni Jumatatu." Jumatatu likajibu kwamba gari la dawa halijafika, tujaribu Alhamisi. Alhamisi binti wa dirishani, ambaye sina ugomvi naye, alichoka kunijibu akanifungulia mlango nijionee mwenyewe. Friji lilikuwa zima, linanguruma, taa yake inawaka. Ndani mlikuwa na chupa moja ya maji ya kunywa ya mtu, yamepoa mpaka chupa inatoka jasho.

Tuliuza mbuzi na baiskeli yangu, tukaenda mkoani. Siku ya 11 tangu ang'atwe ndipo alipochomwa sindano ya kwanza, tuliyoinunua duka la dawa kwa shilingi 30,000. Ile dawa nyingine inayochomwa kwenye jeraha lenyewe, ambayo mtu aliyeng'atwa usoni anaihitaji siku ya kwanza, muuzaji alitikisa kichwa tu. Sindano ya pili ilikuwa siku ya 14. Ya tatu ilipangwa siku ya 18.

Siku ya 17 alianza kulikuna lile kovu. Usiku akapata homa. Asubuhi aliomba maji.

Hapa naomba usome polepole, Ndugu Mkurugenzi, maana hapa ndipo ninapotaka tukae mimi na wewe. Aliomba maji, nikampa kwenye kikombe chake cha bati. Alikishika kwa mikono miwili. Kilipokaribia midomo, koo likajikaza kama mtu anayekabwa, kichwa kikaenda nyuma, kikombe kikaruka hadi ukutani. Akakiangalia kile kikombe, akaniangalia mimi, akasema, "Mjomba, naomba maji." Nikampa tena. Ikawa vilevile. Wodini kwako muuguzi alipokuwa anammiminia mgonjwa wa kitanda cha pili maji kwenye beseni, ule mlio peke yake ulitosha kumrusha. Upepo wa pazia ulitosha. Siku tatu aliomba maji, kwa adabu, kama alivyofundishwa na mama yake, na siku tatu hatukuweza kumpa hata kijiko. Nje ya dirisha la wodi kuna bomba lako linalovuja mchana na usiku. Siku ya 20 alikufa na kiu.

Majirani walisema amerogwa. Dada yangu hadi leo hajagusa kile kikombe. Hayo niachie mimi.

Lako ni hili: daftari la wodi limeandikwa "malaria kali". Kipimo cha malaria kilisoma hana, lakini daftari halina habari na kipimo. Kwa hiyo kwenye taarifa yako ya robo mwaka, wilaya hii haina kifo hata kimoja cha kichaa cha mbwa. Hongera. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu 59,000 kwa mwaka, na asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Linakadiria kwa sababu wengi wao hawaandikwi popote, na mmojawapo sasa ninamjua kwa jina.

Mtoto wa kwanza kuokolewa kwa chanjo ya Louis Pasteur kule Paris, mwezi Julai 1885, aliitwa Joseph Meister. Naye alikuwa na miaka 9, naye aling'atwa na mbwa, akapona. Mwaka huo Mjerumani Carl Peters ndiyo kwanza alikuwa amepata hati ya Kaisari ya kuidai nchi hii. Ukoloni ulitufikia upesi. Sindano bado iko njiani na gari la dawa.

Usije ukasema halmashauri haina habari. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mlikuja kiwanja cha mpira na spika kubwa, mkagawa fulana. Mpwa wangu alipata moja, ikamfika magotini. Fulana zilitosha watu wote, zikabaki. Na baada ya msiba mlituma askari wawili wakapiga risasi kila mbwa aliyekutwa barabarani, hata wale waliokuwa wamefungwa kamba. Mafuta ya pikipiki yalikosekana, risasi zikapatikana. Kuua mbwa hakumalizi ugonjwa huu. Unamalizwa kwa kuwachanja walau asilimia 70 yao, tena na tena. Pemba walifanya hivyo ukatoweka, ukarudi 2016, wakachanja tena, ukaondoka. Na msisingizie friji, kwani chanjo ya mbwa iliyopimwa na watafiti wa Serengeti ilikaa miezi 6 katika nyuzi joto 25 na bado ikafanya kazi.

Nilipouliza ofisini kwako nani anahusika, Afya walinielekeza Mifugo kwa kuwa aliyeuma ni mbwa, na Mifugo wakanirudisha Afya kwa kuwa aliyeumwa ni mtu. Katikati ya meza hizo mbili ndipo mtoto alipopita.

Ninaomba chanjo ikae kwenye friji lile badala ya maji ya mtu. Ninaomba waganga wako wafundishwe kuichoma ndani ya ngozi, siku ya kwanza, kisha baada ya siku tatu na baada ya siku saba, kama Shirika la Afya lilivyoelekeza tangu 2018, maana kwa njia hiyo kichupa kimoja kinahudumia watu kadhaa na visingizio vya bei vinapungua. Ninaomba bwana mifugo apewe lita 3 za petroli. Ningeweza kuendelea: madawati, daraja lililokatika tangu masika ya juzi, mishahara ya walimu wapya, kila kitu ambacho katika wilaya hii jibu lake ni "njooni Jumatatu". Lakini nimejizuia, kwa heshima.

Na ninaomba daftari lirekebishwe. Ufute "malaria kali" kwa kalamu yako mwenyewe, uandike kilichomuua. Kadi yake ya chanjo ninayo hapa, mstari wa sindano ya tatu ni mtupu. Nitakuletea siku utakayonipangia, isipokuwa Jumatatu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjomba wa marehemu.

Nakala: Mganga Mkuu wa Wilaya, Afisa Mifugo wa Wilaya. Wakubaliane wenyewe barua hii ni ya nani.