Mkono wa Mtoto Upimwe

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaporudishwa kliniki, mara nyingi twaambiwa tu, "Afadhali kidogo." Neno hilo halitoshi. Ulaya na Marekani wataalamu hubandika vialama mkononi mwa mtoto, kamera zikafuata kila mwendo na kompyuta ikapima kiwiko kimenyooka kiasi gani. Huku Chemba hatuna mitambo hiyo, lakini ukuta, mkaa na uzi tunavyo. Kila mwezi mkalisheni mtoto palepale kando ya ukuta, ainue mkono mwenyewe bila kuvutwa, mtie alama vidole vilipofika. Pimeni kwa uzi toka chini hadi alama, mje nao. Hapo mtaalamu ataona kama mazoezi yanasaidia. Mtoto anayefichwa ndani hapimwi. Naye ni mtoto wa Mungu, mleteni.