Rambo lilipigwa marufuku 2019, tumboni mwa ng'ombe linafuata nini?

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Na sheria ilikuja na meno: ukikutwa nao mkononi faini ni elfu 30 mpaka laki 2, au siku 7 ndani, na mzalishaji anaweza kulambwa mpaka bilioni 1. Rwanda walitangulia 2008, Kenya wakafuata Agosti 2017. Sasa mbona juzi juzi hapa Uru ng'ombe wa jirani kapasuliwa ubavu, na kilichotoka tumboni ni furushi la nailoni limejisokota kama kamba?

Msiojua maisha ya huku juu, ng'ombe wetu haendi malishoni. Yuko bandani mwaka mzima kwenye kihamba, na kila anachokula kinaletwa. Kwa hiyo jamani tusimsingizie kwamba kazurura jalalani. Hiyo nailoni tulimpelekea wenyewe. Kiangazi majani yanakuwa shida, akina mama wanashuka tambarare kukata nyasi kandokando ya barabara, mabua ya mahindi yanafungwa kwa waya, maganda ya ndizi yanatoka mjini yakiwa yamechanganyika na kila takataka. Ng'ombe hachambui chakula kwa mdomo kama mbuzi, anazoa kwa ulimi na kumeza, kutafuna ni baadaye.

Mtoto akimeza sarafu, mara nyingi inatoka yenyewe. Isipotoka, hospitali kama KCMC, ambayo iko hapo chini tu tangu 1971, wana mpira wenye kamera unaopita kooni na kisu hakihitajiki. (Ila betri ndogo ya kidonge ni habari nyingine. Ikikwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa 2, kimbia nayo hospitali!) Kwa ng'ombe mambo ni tofauti. Nailoni ikiingia kwenye tumbo kubwa, lile ambalo wauza supu wanaliita taulo, haisagiki na haipiti. Inakaa inangoja mwenzake. Ng'ombe anakonda huku tumbo limejaa, anavimba upande wa kushoto, anapoa, anavimba tena. Watu wanamnywesha magadi na mafuta ya kula, lakini hakuna magadi yanayoyeyusha plastiki.

Msumari ndio hatari zaidi. Unatumbukia kwenye tumbo la pili, lile lenye vyumba kama sega la nyuki, na mbele yake, ukivuka kiwambo chembamba tu, ni moyo. Tumbo likijikaza msumari unasogea. Ng'ombe mwenye mimba kubwa ndiye yuko pabaya, maana ndama anasukuma kila kitu mbele. Ukiona amekunja mgongo, maziwa yamekatika ghafla na hataki kushuka mteremko (na huku kwetu wapi hakuna mteremko?) usingoje wiki. Msumari ukishafika moyoni hata upasuaji mara nyingi haumwokoi.

Upasuaji wenyewe unafanyika hapo hapo bandani, ng'ombe amesimama. Ananyolewa ubavu wa kushoto, anachomwa sindano ya ganzi, anachanwa, kisha tumbo linashonwa kwanza kwenye ngozi ili uchafu usimwagikie ndani. Ndipo daktari anaingiza mkono mpaka begani anapapasa. Sio uchawi, ni kazi inayofundishwa SUA pale Morogoro. Tatizo ni kumpata mtu huyo. Anayefikiwa kirahisi kijijini ni wa chanjo na dawa ya minyoo, na mwenye ujuzi wa kisu ukimpata, bei inamfanya mzee amwite mchinjaji kwanza. Ng'ombe wa maziwa huku ndiye ada ya shule. Mie nimesoma mpaka form four kwa maziwa, najua ninachosema.

Turudi kwenye sheria. Marufuku ile ilihusu mifuko ya kubebea, vifungashio vikaachwa: vya vyakula vya viwandani, vya kilimo, vya dawa. Mlango ukabaki wazi pale. Nenda sokoni leo ununue dagaa au karanga, utapewa kwenye kale kanailoni kepesi kasiko na mikono. Kwa jina ni kifungashio, kwa ng'ombe ni rambo lile lile, tena jembamba zaidi na rahisi kumeza. Mgambo wanamkamata mama muuza nyanya, anayeingiza marobota mjini haguswi. Mie naona hapo ndipo pa kubana.

Wakati tunasubiri, bibi yangu kachukua sumaku ya spika mbovu, anaiburuza kwenye pumba kabla ya kulisha. Wiki ya kwanza alinasa misumari miwili na kipande cha waya. Wa Kibosho, Machame na Marangu, huko kwenu mnakuta nini matumboni? Na mpasuaji mnampata wapi, kwa shilingi ngapi? Andikeni hapo chini.